Tofauti za Mafunzo, Tofauti za Heshima: Huduma ya Dharura Kando ya Ziwa Victoria



Katika zahanati yoyote ya visiwa vya Ukerewe au ya mwambao wa Sengerema, kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari. Mhudumu anayefagia chumba cha sindano na kumshika mtoto asirukeruke huitwa daktari. Muuguzi huitwa daktari. Tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu huitwa daktari. Na daktari mwenyewe, aliyekaa chuo kikuu miaka mitano na kuongeza mwaka mmoja wa utarajali, akibahatika kufika siku moja kutoka wilayani, naye huitwa daktari, wala haongezewi kitu juu ya hapo. Wako wasomi wanaoliona jambo hili kuwa ni ujinga wa wananchi. La hasha. Mwananchi hulitaja jina la kazi anayoiona ikifanywa mbele ya macho yake, na anayemtibu ndiye daktari wake.

Hata hivyo, jina hilo moja huficha swali zito: nani ameruhusiwa kufanya nini, kwa mafunzo gani, na sheria humtambua kwa jina gani? Mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, swali hilo halina haraka. Huwa na haraka kubwa pale mgonjwa anapolazwa ndani ya mtumbwi wenye mashine, usiku, kuna mawimbi, na hospitali iko ng'ambo.

Nchi zilizotangulia kupanga huduma ya magari ya wagonjwa zililijibu swali hilo kwa kuigawa kazi katika ngazi. Nchini Marekani wako watumishi wa aina mbili wanaojulikana zaidi. Wa kwanza ni mhudumu wa dharura, ambaye mafunzo yake ni ya saa 150 hivi, yaani masomo ambayo mtu mwenye kazi nyingine ya mchana anaweza kuyamaliza jioni kwa miezi michache. Hufundishwa kufungua njia ya hewa, kukanda kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, kutumia mashine ya kuushtua moyo kwa umeme, kuzuia damu, kufunga gango kwenye mfupa uliovunjika, kumpa mgonjwa oksijeni, na kumpokea mtoto anayezaliwa njiani. Wa pili ni paramediki. Huyu aghalabu huanza kwa kuwa mhudumu wa dharura, kisha huongeza saa zinazozidi 1,000, na mara nyingine hufikia 1,800, darasani, wodini na ndani ya gari lenyewe. Ndiye anayeruhusiwa kuutoboa mshipa na kuweka dripu, kuchoma dawa za moyo na za maumivu, kupitisha mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, na kuusoma mchoro wa umeme wa moyo kisha akaamua papo hapo. Mpaka kati ya hao wawili unapita kwenye ngozi ya mgonjwa. Wa kwanza hufanya karibu kazi yake yote nje ya ngozi. Wa pili ana ruhusa ya kuipenya.

Uingereza imekwenda mbele zaidi. Huko jina la paramediki limelindwa na sheria, na asiyeandikishwa katika daftari la baraza linalohusika akijiita hivyo ametenda kosa. Tangu mwaka 2021 kiwango cha elimu kinachotakiwa kwa anayeingia katika daftari hilo kimekuwa shahada ya chuo kikuu.

Lakini chimbuko la kazi hii halikuwa katika vyuo vikuu, na ni vyema jambo hilo likakumbukwa, kwani husahauliwa kwa urahisi. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hadi katikati ya miaka ya 1960 wagonjwa walibebwa na polisi au na magari ya kubebea maiti, na aliyeumia alitupwa nyuma ya gari bila mtu wa kumshika hata mkono. Mwaka 1967 kilianzishwa huko kikosi kilichoitwa Freedom House, ambacho watumishi wake walikuwa Wamarekani weusi wa mtaa maskini wa Hill, wengi wao wakiwa watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi wala matumaini ya kuipata. Daktari Peter Safar, bingwa wa nusu kaputi aliyeshiriki kuigundua njia ya kumpulizia mtu pumzi mdomo kwa mdomo, aliwafundisha kwa mamia ya saa. Wakawa miongoni mwa maparamediki wa kwanza kabisa nchini humo. Kisha ikatokea nini? Mwaka 1975 serikali ya mji iliichukua huduma hiyo, ikaweka masharti mapya, na wengi wa walioianzisha kazi wakajikuta wamesukumwa pembeni na watu waliokuja baadaye. Anayetaka kujua jinsi tofauti ya mafunzo inavyoweza kugeuzwa kuwa fimbo ya kuwapigia wanyonge, asome habari za Pittsburgh.

Tanzania haikuanza na gari la wagonjwa. Ilianza na zahanati. Wakati wa ukoloni, tangu miaka ya 1920, vijijini kulikuwa na dresa, mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kugawa dawa chache, akilipwa na utawala wa wenyeji. Wakoloni walimwona kuwa anatosha kwa Mwafrika. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini ilikuwa dhahiri kwamba kusubiri madaktari wa kutosha kungemaanisha kuzika kizazi kizima.

Hapo ndipo ngazi ya kwetu ilipojengwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada ya Mkutano Mkuu wa TANU wa mwaka 1971 kuzipa afya, maji na elimu ya vijijini kipaumbele, nchi ilipanga kuwa na zahanati moja kwa kila watu 10,000 na kituo cha afya kwa kila watu 50,000. Zahanati ilikabidhiwa kwa mganga msaidizi wa vijijini, kijana aliyemaliza darasa la saba na kusomea tiba miaka mitatu. Kituo cha afya kilikabidhiwa kwa mganga msaidizi, aliyemaliza kidato cha nne na kusoma miaka mitatu. Juu yao alikuwako daktari msaidizi. Huyu hakuchukuliwa kutoka shuleni. Alikuwa mganga msaidizi aliyekwisha kufanya kazi kwa miaka kadhaa, akarudishwa chuoni kwa miezi 18, ambayo baadaye ilikuja kuwa miaka miwili, akafunzwa hata kushika kisu cha upasuaji.

(Majina yamebadilika tangu hapo. Mganga msaidizi akawa tabibu, pengine kwa sababu neno mganga lilimchanganya na mzee wa hirizi na kibuyu. Ajabu ni kwamba mkubwa wa afya wa wilaya bado anaitwa Mganga Mkuu, na hakuna aliyewahi kumpelekea kuku mweupe.)

Uzuri wa mpango ule haukuwa katika ufupi wa mafunzo. Kozi fupi hata mkoloni alikuwa nazo. Uzuri wake ulikuwa katika mlango uliowekwa mwishoni mwa kila chumba. Mtoto wa mkulima wa Magu au wa Geita aliyeishia darasa la saba aliweza, kwa kazi na masomo ya awamu kwa awamu, kuufikia ukumbi wa upasuaji. Dresa wa mkoloni alizeeka akiwa dresa.

Je, mtu aliyepanda kwa ngazi hiyo aliweza kazi kweli? Swali hili liliulizwa kwa dharau kwa muda mrefu, hasa na madaktari wa nje. Jibu mojawapo lilitoka katika mikoa ya Mwanza na Kigoma. Watafiti, akiwemo Daktari Godfrey Mbaruku wa Kigoma, walifuatilia upasuaji wa dharura wa akina mama katika hospitali za wilaya za mikoa hiyo miwili, wakalinganisha kazi ya madaktari wasaidizi na ile ya madaktari wenye shahada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba sehemu kubwa mno ya upasuaji huo ilikuwa ikifanywa na madaktari wasaidizi, na kwamba hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili, ama katika uhai wa mama na mtoto, ama katika ubora wa kazi. Yafaa kutamka wazi kwamba utafiti huo haukusema kuwa mafunzo marefu ni bure. Ulisema kwamba kwa kazi hiyo mahsusi, mtu aliyefundishwa vizuri kazi hiyo na kuirudia mara nyingi anaiweza.

Sasa basi, turudi ziwani, maana huko ndiko mpango ule mzuri unakokutana na kasoro yake. Ngazi ilijengwa ndani ya jengo. Zahanati ina mtu wake, kituo cha afya kina mtu wake, wilaya ina mtu wake, na Bugando, hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa juu ya kilima cha Mwanza mwaka 1971, ina mabingwa wake. Lakini kati ya jengo na jengo pana maji, na kwa miaka mingi katikati ya maji hayo hapakuwa na mtu wa ngazi yoyote. Alikuwapo dereva au nahodha, na kando yake ndugu wa mgonjwa.

Dharura zote hazina saa moja. Mtu aliyezama na kuacha kupumua, ubongo wake huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili hivi. Mama aliyekwama katika uchungu kwa sababu mtoto hawezi kupita anaweza kuvumilia kwa saa nyingi kabla maisha yake hayajawa hatarini kabisa, lakini mwisho wake, asipofika kwenye upasuaji, ni uleule. Anayezitazama saa hizi tatu ataelewa kwamba hakuna ngazi moja ya mafunzo inayozijibu zote. Kwa wa kwanza, paramediki mwenye saa 1,800 akifika baada ya dakika 40 amefika mazishini. Anayemfaa ni mvuvi aliye kando yake, mwenye mafunzo ya siku mbili tu, anayejua kumlaza chali, kuinua kidevu, kumpulizia pumzi na kukanda kifua. Kwa wa pili, mvuvi hatoshi. Anatakiwa mtu mwenye ruhusa ya kuipenya ngozi, achome sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ujikaze, aweke dripu, na ayafanye hayo chombo kikiwa kinakwenda. Kwa wa tatu, kinachotakiwa hasa ni chombo cha haraka na daktari wa upasuaji aliyekwisha kuarifiwa kwamba mgonjwa yuko njiani.

Historia ya ziwa hili imekwisha kuyathibitisha hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka karibu na mwisho wa safari yake na mamia ya watu wakapotea. Wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Watu 228 walifariki na 41 waliokolewa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya shirika la Precision Air iliyobeba watu 43 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Walikufa 19, wakanusurika 24.

Katika ajali hiyo ya Bukoba, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi na makasia yao. Kijana mmoja miongoni mwao, Majaliwa Jackson, alisifiwa na taifa zima, akapewa shilingi milioni moja, na ikaagizwa aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apatiwe mafunzo. Wengi waliizungumza ile milioni. Jambo kubwa zaidi lilikuwa lile la pili. Serikali ilitambua kwamba mtu aliyefika kwanza anastahili kupandishwa ngazi, si kushangiliwa tu na kurudishwa mwaloni. Imebaki kuulizwa kwa nini iwe bahati ya kijana mmoja baada ya vifo 19, wakati kila mwalo kutoka Kirumba hadi Kemondo una vijana wa namna hiyo.

Kule Ukara nako yapo ya kusifiwa. Fedha za rambirambi zilizobaki baada ya msiba wa MV Nyerere zilielekezwa katika kukijenga na kukipanua kituo cha afya cha Bwisya. Hivyo kisiwa kile kimepata majengo ambayo huenda kingeyasubiri kwa miaka mingine ishirini. Ni uamuzi wa busara. Hata hivyo majengo hayaelei. Mgonjwa anayemshinda tabibu wa Bwisya bado ana maji ya kuvuka hadi Ukerewe, na kutoka Nansio safari ya meli hadi Mwanza ni ya saa tatu au zaidi.

Kwa upande wa nchi kavu, juhudi zimekuwapo. Katika jiji la Mwanza, waendesha bodaboda walifundishwa huduma ya kwanza, wakawa wanaitwa kwa ujumbe wa simu ajali inapotokea, kwa ushirikiano na zimamoto. Wilayani Sengerema, na mkoani Shinyanga, ulijaribiwa katika miaka ya 2010 mpango wa kuwasafirisha akina mama wajawazito na watoto wachanga, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la m-mama. Mwananchi hupiga simu namba 115 bila malipo, na pasipokuwa na gari la wagonjwa karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa nauli na mpango huo. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua ili uenezwe nchi nzima. Ni mpango uliobuniwa kwa kuitazama hali ya wananchi ilivyo, na wenye kuubeza kwa sababu dereva si paramediki hawajawahi kusubiri gari Buchosa usiku wa manane.

Hapa ndipo penye mabishano, na mabishano hayo yana kambi mbili ambazo zote zinastahili kukosolewa.

Kambi ya kwanza husema kwamba mwananchi wa kijijini anatoshwa na mtu wa kozi fupi. Wanaotamka maneno haya aghalabu wao wenyewe wakiugua hupelekwa Muhimbili, kama si India. Hoja yao ni ya mkoloni na dresa wake, imevalishwa shati jipya. Mvuvi mwenye mafunzo ya siku mbili anafaa kwa dakika sita za kwanza. Kumwachia dakika mia zinazofuata ni kumtelekeza yeye pamoja na mgonjwa wake.

Kambi ya pili ni ya wasomi wanaotaka kazi ya dharura ianze juu, kwa shahada na joho, na wote wenye vyeti vidogo wasahauliwe. Hawa nao waitazame Afrika Kusini. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilikuwa na wahudumu wa magari ya wagonjwa waliofundishwa kwa wiki chache tu, na juu yao ngazi nyingine mbili ambazo mtu aliweza kuzifikia kwa kozi za kuongezea. Kisha kozi fupi zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na masomo ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka minne ya shahada. Nia ilikuwa njema, maana ubora ulipanda. Lakini maelfu waliokuwa wamebeba majeruhi wa nchi hiyo kwa miaka mingi walijikuta wamesimama kwenye kidato ambacho cha juu yake kimekatwa, kwa kuwa hawakuwa na alama za shule za kuwaingiza chuo kikuu. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa na mikono ya dhahabu, hufanya kazi akiwa na uchungu moyoni.

Tanzania ina sheria ya wataalamu wa udaktari, udaktari wa meno na afya shirikishi ya mwaka 2017, na ina mabaraza ya kuwaandikisha matabibu na wauguzi wake. Msingi wa kumtambua mtumishi wa dharura kwa jina lake, kwa orodha ya mambo anayoruhusiwa kuyafanya na asiyoruhusiwa, hauhitaji kubuniwa upya. Kinachohitaji kufikiriwa ni idadi ya vidato na mlango wa kutoka kidato kimoja kwenda kingine: mvuvi au mwendesha boda aliyefunzwa huduma ya kwanza, mhudumu wa dharura wa miezi kadhaa, mwenye posho iliyoandikwa na si ya kuombwa, kisha paramediki wa miaka miwili au mitatu, anayeweza kutoka miongoni mwa hao wa chini, kama vile daktari msaidizi alivyotoka miongoni mwa waganga wasaidizi. Elimu ya kidato cha nne iwe njia mojawapo ya kuingilia, na miaka ya kazi iliyothibitishwa iwe nyingine. Wenye vyeti watalalamika. 

Suala la mshahara nalo lisionewe haya. Muuguzi anayemsindikiza mgonjwa kutoka kisiwani hufanya kazi ambayo haikuandikwa popote katika mafunzo yake: kushika dripu kwa mkono mmoja na ubao wa mtumbwi kwa mkono mwingine, huku maji yakimrukia usoni. Mahali pengine kazi hiyo ina jina, ina daraja la mshahara, na ina bima ya mtumishi mwenyewe.

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, na gari la wagonjwa la Sengerema, ambalo zamani lilisubiri kivuko hata kama ndani yake mama anatokwa na damu, sasa linavuka kwa dakika chache. Ukara, Irugwa, Kome na Maisome havina daraja, wala havitarajii. Kutoka huko mgonjwa atasafiri kwa chombo cha majini, na anayepanda pamoja naye, kwa kukosekana mwingine, ni yule muuguzi wa zahanati. Mara nyingi ni mmoja tu, na zahanati aliyoiacha hukaa bila mtu hadi atakapopata chombo cha kurudia.